Risala ya Walimu wa Meru na Embu: Mtihani Uulize Tulichofundisha

Kwa Wakurugenzi wa Elimu wa Kaunti za Meru na Embu. Nakala kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), Baraza la Mitihani (KNEC), Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), na bodi za usimamizi wa shule zetu.



Sisi ni walimu wa shule za upili, za kutwa na za bweni, kuanzia Igembe hadi Mbeere. Mwaka huu wa 2026 tunafundisha Gredi ya 10, Kidato cha 3 na Kidato cha 4 chini ya paa moja. Hatukuja kutangaza mgomo wala kudai nyongeza ya mshahara. Hayo yana vyama vyake na siku zake. Tumekuja na malalamiko juu ya kazi yenyewe: mtaala unasema hili, darasa linafanya lile, na mtihani unauliza jingine kabisa.

Mchuma chai wa Runyenjes anatuelewa kwa haraka. Asubuhi akiingia shambani anajua kiwanda kinataka majani mawili na kichipukizi, na ndivyo anavyochuma. Akifika kituoni, karani anaimwaga chai mezani na kukagua jambo hilohilo kabla ya kuipandisha kwenye mizani. Jani likikataliwa mchumaji anajua sababu, na kesho anaurekebisha mkono wake. Shuleni kwetu mwagizaji ni mmoja, mchumaji ni mwingine, na mizani inaletwa na mtu wa tatu ambaye hajawahi kusema na hao wawili.

Mtu huyo wa tatu tumtaje waziwazi, maana wengi wakisikia hivi hudhani tunalisema Baraza la Mitihani. Baraza tutalifikia. Kwanza tunasema juu ya mitihani ya kununua. Shule zetu nyingi hufanya mitihani mitatu kila muhula: wa kufungua, wa katikati na wa kufunga. Mingi haitungwi na walimu wanaofundisha. Inanunuliwa kwa wafanyabiashara, inatumwa kwa simu Jumapili usiku pamoja na mwongozo wa kusahihishia, na Jumatatu asubuhi mashine ya kuchapisha inanguruma. Anayeiuza hajui darasa limefika wapi. Anachojua ni kwamba shule inaogopa, na mtihani mgumu unauzika kuliko mtihani wa haki.

Mwezi wa Februari, katika shule moja ambayo hatutaitaja, wanafunzi wa Kidato cha 4 walikuwa katikati ya mada ya mabadiliko ya nishati katika Kemia. Mtihani ulionunuliwa ukaja na swali refu la elektrokemia, mada ambayo kwenye maazimio ya kazi ya mwalimu ilikuwa mbele kwa wiki kadhaa. Darasa zima liliacha ukurasa mtupu. Matokeo yakabandikwa ubaoni, wazazi wakaitwa. Mama mmoja, aliyeacha ndizi zake sokoni Nkubu siku ya soko ili afike, alimgeukia mwanawe na kumuuliza, "Kwani wewe ulikuwa wapi wenzako wakifundishwa haya?" Hakuna aliyekuwa amefundishwa. Mwalimu wa Kemia alikuwa ameketi palepale, akavitazama viatu vyake na kunyamaza. Mwalimu huyo ndiye aliyepewa kalamu ya kuandika risala hii.

Tumejiuliza kwa nini nilinyamaza, na jibu si zuri. Tungesema kwamba mada haijafundishwa, swali la pili lingekuwa: mbona shule jirani imeifundisha? Hapo ndipo mashindano ya kumaliza silabasi yanapotupeleka. Kuna shule zinazojisifu kuwa zimemaliza silabasi ya miaka minne kabla Kidato cha 3 hakijakwisha. Inamalizwa kwa masomo ya alfajiri, kwa Jumamosi nzima, kwa kuamuru kurasa zinakiliwe. Kumaliza huko ni kama basi linalofika Meru kutoka Embu mapema kwa sababu halikusimama kituo chochote kupakia abiria. Kisha mtihani wa kununua unatungwa kwa kufuata mwendo wa basi hilo, na sisi tuliosimama kuwapakia watoto tunaitwa wavivu.

Waheshimiwa, jambo hili lina upande wa pili, na huo ndio unaotutia hofu zaidi sasa tunapoanza mtaala mpya wa umahiri. Kile ambacho mtihani hauulizi, shule huacha kukifundisha. Hatuhitaji mtafiti wa kutuambia hivyo. Wazee wetu waliyaona. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay ya 1981, uliahidi elimu ya mikono: useremala, upishi, kilimo, ushonaji. Wazazi wakachanga kwa harambee kujenga karakana. Waliouza kahawa walitoa, na wasio na kahawa walitoa mchanga na mawe. Baadaye masomo ya vitendo yakapunguzwa, yaliyobaki yakaulizwa kwa kalamu na karatasi, na nyingi ya karakana zile zikageuka ghala la viti vilivyovunjika. Zunguka Imenti au Manyatta utaziona, madirisha yake makubwa bado yanasubiri mwanga wa kufanyia kazi. Kwa miaka mingi karatasi ya mtaala iliendelea kuwa nzuri.

Leo tunaambiwa umahiri ndio utakaopimwa. Tunaafiki kwa moyo mmoja. Ila tukipitia masomo yetu tunaona ugonjwa uleule.

Tuanze na Kiswahili, lugha ya risala hii. Silabasi inataja kusikiliza na kuzungumza kabla ya kutaja kusoma na kuandika. Katika KCSE, mtihani wa taifa wa mwisho wa Kidato cha 4, karatasi ni tatu: insha, kisha ufahamu, muhtasari, sarufi na isimujamii, kisha fasihi. Zote ni za kuandika. Mtoto wa Embu au Mbeere ambaye ulimi wake bado unachanganya *l* na *r*, na anayesema *mbata* akimaanisha *bata*, anaweza kutoka na A bila mtu hata mmoja kuisikia sauti yake. Isimujamii ndiyo kichekesho kikubwa zaidi: mwanafunzi anaandika sifa za lugha ya mazungumzo, kimya kimya, peke yake, kwenye karatasi. Walimu tunajua. Kipindi cha mazungumzo kikifika tunafungua kitabu cha maswali ya miaka iliyopita, kwa sababu mdahalo hauna alama.

Fizikia inachekesha kwa namna nyingine. Vijana wa Mbeere wanaishi kando ya mto Tana, penye msururu wa mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Gitaru pekee ina mitambo ya megawati 225. Kindaruma imekuwa ikizalisha umeme tangu 1968, kabla wazazi wa wanafunzi hawa hawajazaliwa. Katika Kidato cha 4 wanasoma namna sumaku na koili zinavyozalisha umeme, na jinsi umeme wa gridi unavyosafirishwa. Wengi wao huchora jenereta kutoka kitabuni, wanakariri majina ya sehemu zake, wanafunga daftari, na wanapanda gari kwenda nyumbani wakipita chini ya nyaya za umeme huohuo. Ziara ya siku moja ingetosha. Haifanyiki kwa sababu siku hiyo moja ina vipindi vinane vya "kumaliza silabasi", na kwa sababu hakuna swali litakalomdai mwanafunzi aseme aliona nini.

Katika Hisabati, latitudo na longitudo huwa mada ya kutisha. Maswali ni ya ndege zinazoruka kutoka miji ambayo mwanafunzi hajaisikia. Lakini Ikweta inakatiza kaunti ya Meru yenyewe; barabara kuu inaivuka kati ya Nkubu na mji wa Meru, na wasafiri husimama kupiga picha. Mji wa Embu uko kama dakika 32 za latitudo kusini ya mstari huo, na kila dakika ni maili moja ya baharini. Kwa hiyo kutoka Ikweta moja kwa moja kwenda kusini hadi usawa wa Embu ni maili 32 za baharini, yaani karibu kilomita 59. Mtoto anaweza kulinganisha jibu hilo na umbali wa barabara, akauliza mbona gari linaenda zaidi, na hapo ndipo hesabu huanza kueleweka. Kijana wa Maua anayegeuza surba za miraa kuwa bunda na bunda kuwa shilingi kabla hujatoa kikokotoo mfukoni si mjinga wa Hisabati. Ni mjinga wa maswali yetu.

Kilimo tulidhani kimesalimika. Katika KCSE kina mradi: mtahiniwa anashughulikia shamba na mwalimu anampa alama hatua kwa hatua. Hivyo ndivyo tathmini inavyopaswa kuwa. Ila kalenda ya shule inaanza Januari na kufungwa mwishoni mwa mwaka, na mtahiniwa hutegemea mvua ya Machi hadi Mei. Kule juu, Imenti na Manyatta, mvua hiyo inatosha. Kule chini, Siakago, Ishiara na Kiritiri, kila mkulima atakwambia mvua ya kuaminika ni ya Oktoba hadi Desemba, wakati watahiniwa wamo katika vyumba vya mitihani. Watoto wetu wa nyanda za chini wanatuzwa alama kwa msimu ambao hata nyanya zao hawauwekei mbegu zote. Anayepata maji ya bomba anapata alama. Asiyepata anaandika ripoti ya mimea iliyokauka.

Kemia ya vitendo tuiseme kwa ufupi, maana kila mwalimu wa sayansi anaijua. Shule hupokea mapema orodha ya kemikali na vifaa vya kutayarisha kwa karatasi ya tatu ya KCSE. Kuanzia hapo, wanafunzi ambao wengine wao hawajawahi kushika bureti tangu Kidato cha 1 wanafundishwa ndani ya wiki chache mikono ifanye nini. Wanafundishwa mkono bila kufundishwa kichwa. Alama inakuja, maabara inafungwa, na darasa linalofuata linaendelea kuisoma maabara ubaoni.

Sasa tumepokea Gredi ya 10, watoto wa kwanza wa mtaala wa umahiri kufika sekondari pevu. Wenzao zaidi ya milioni 1.1 nchini walifanya tathmini ya KJSEA ya mwisho wa Gredi ya 9 mwaka 2025, na mikondo mitatu iko mbele yao: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; na Sanaa na Michezo. Mwalimu yuleyule anaingia saa mbili Kidato cha 4, ambako alama ni A hadi E, na saa nne Gredi ya 10, ambako viwango ni vinane, kuanzia kuzidi matarajio hadi chini ya matarajio. Hali hii itaendelea hadi KCSE ya mwisho ya 8-4-4 mwaka 2027. Hatulalamiki kwamba kazi ni ngumu. Tunalalamika kwamba tumepewa mafunzo ya siku chache, kisha katika shule nyingi tumeanza kuwatungia watoto wa Gredi ya 10 mitihani ya kufungua muhula kwa mtindo uleule wa zamani, na ile ya kununua imekwisha kubadilishwa jalada. Swali ni lile la "taja sababu tano". Pembeni limeandikwa "Kuzidi Matarajio".

Alama za darasani sasa zina uzito halisi. Watoto hawa waliwekwa katika shule kwa hesabu ya asilimia 60 ya KJSEA, asilimia 20 ya KPSEA ya Gredi ya 6, na asilimia 20 ya tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Asilimia 20 hiyo ya shuleni ilitolewa na walimu wa shule moja moja, kila mmoja na jicho lake. Mwalimu mkali wa Tharaka na mwalimu mwenye huruma wa Nairobi wamewapa watoto wao nambari zinazoshindana kwenye kompyuta moja. Hatudai mtu alidanganya. Ila pasipokuwa na kupitia kazi za wanafunzi pamoja, ukali na huruma hugeuka kuwa nafasi shuleni. Tukifika Gredi ya 12 mwaka 2028 bila kurekebisha hili, kitakachokuwa kinaamuliwa ni chuo kikuu.

Na sisi tuna hatia. Tumefundisha kwa karatasi za miaka iliyopita hadi mtoto anajua namba ya swali kabla ya kujua maana yake. Tumejaza rekodi ya kazi Ijumaa jioni kwa wiki nzima, tukiandika tulichotakiwa kufundisha badala ya tulichofundisha. Tumesahihisha daftari kwa kutia vema chini ya kila ukurasa. Wengine wetu tumewauzia wenzetu mitihani hiyo tunayoishutumu hapa. Maneno haya yalizua mabishano makali tulipoyaandika, na tukakubaliana yabaki.

Fedha hatutazikwepa, maana maabara haijazwi kwa maneno. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya upili umewekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha alikiri mbele ya wabunge kwamba kinachoweza kutolewa ni karibu shilingi 16,900. Shule ya wanafunzi 600 inapungukiwa na shilingi 3,206,400 kwa mwaka. Kwanza hukatwa kemikali, kisha mafuta ya basi la ziara, kisha karatasi za kutungia mitihani. Ndipo mfanyabiashara wa mitihani anapobisha hodi na bei yake nafuu.

Kwa hayo yote, tunadai haya.

Mitihani ya ndani ya shule itungwe na walimu wanaofundisha darasa hilo, na ununuzi wa mitihani ukome kuanzia muhula ujao katika kaunti zote mbili. Tukitaka kulinganisha shule, walimu wa somo kutoka shule nne au tano za jirani wakutane, waweke mezani rekodi zao za kazi, wakubaliane wote wamefika wapi, kisha watunge pamoja. Kabla swali la kwanza halijaandikwa, liwepo jedwali linaloonyesha kila mada imechukua vipindi vingapi na itapata alama ngapi, na maswali mangapi ni ya kukumbuka na mangapi ni ya kutumia maarifa. Swali lisilo na kipindi chake liondolewe. Kwa kazi hii tunaomba siku moja kamili kila muhula isiyo na vipindi. Wakuu wa shule wamekuwa wakitupa siku nzima za michezo ya kaunti ndogo. Tupeni moja ya kutunga.

Maafisa wa ubora na viwango wakija kukagua, waache kuuliza kwanza kama silabasi imekwisha. Waombe karatasi ya mtihani, maazimio ya kazi na daftari la mwanafunzi mmoja aliyechaguliwa bila mpango, waviweke kando kwa kando. Dakika ishirini zitatosha kuona vinafanana au la.

Tunataka mazungumzo ya Kiswahili na Kiingereza yapimwe shuleni kila muhula, mwanafunzi asimame na asikilizwe, na alama hiyo ionekane kwenye ripoti inayokwenda nyumbani hata kabla Baraza halijaamua kuihesabu. Tunataka kila mwanafunzi wa sayansi ashike kifaa mwenyewe angalau mara moja kila wiki mbili kuanzia Gredi ya 10. Pasipo maabara, kaunti zisaidie kuafikiana na Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ili maabara zao zitufungulie milango siku za Jumamosi. Ziara moja ya mabwawa ya Tana kwa kila darasa la Fizikia iingie kwenye ratiba kama kipindi. Isiwe tena zawadi kwa waliofanya vizuri. Hao ndio wasioihitaji sana.

Kwa Baraza, tunaomba mradi wa Kilimo wa miaka iliyobaki ya 8-4-4, na wa mtaala mpya, uruhusiwe kuanza Oktoba ya mwaka unaotangulia kwa shule za nyanda kavu. Tunaomba pia uzito wa alama za darasani katika mtihani wa Gredi ya 12 uwekwe mikononi mwa kila mwalimu kwa maandishi, pamoja na mifano ya kazi za wanafunzi katika kila kiwango, tuone kwa macho tofauti kati ya kufikia matarajio na kukaribia. Kisha tubadilishane sampuli za kazi kati ya Meru na Embu, walimu wa upande mmoja wasahihishe za upande wa pili bila majina. Daraja la mto Thuchi linavukwa kila siku na magari ya miraa na maembe. Bahasha za karatasi hazitalilemea.

Kwa wazazi, tunaomba kitu kimoja ambacho hakina gharama. Mkiitwa tena na kuonyeshwa D, mwulizeni mwalimu mbele ya mtoto: swali hili ulilifundisha lini? Tutatakiwa kujibu.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya muhula huu kufungwa. Tumeambatanisha karatasi kumi za mitihani iliyonunuliwa pamoja na kurasa za rekodi zetu za kazi za wiki zilezile, majina ya shule yakiwa yamefutwa, na karatasi ya kwanza juu ya rundo ni ile ya Kemia ya Februari.

Ni sisi,
Walimu wa shule za upili, Meru na Embu